Mahali pa Kutazamia Jua Likipatwa

Jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919, nchi yetu ya Shinyanga na Geita ilikuwa kando: kwetu jua lilimegwa tu, na giza kamili likapita kusini, Ziwa Tanganyika. Wataalamu wa nyota wa Uingereza walitaka kujua kama jua hupinda mwanga wa nyota, kama alivyosema Einstein. Walilifikiria hata ziwa hilo, wakaliacha. Huko kivuli kingefika jioni, jua limeinama, na hewa nzito ya upeoni huharibu picha.

Wakagawanyika, nasi twaona walifanya busara. Eddington alikwenda kisiwa cha Principe. Mvua ikanyesha asubuhi, mawingu yakamwachia picha chache. Wenzake wa Sobral, Brazil, walifunguliwa mbingu kwa wakati wake, wakapima nyota saba.