Sikio Lilitangulia Jicho: Herufi, Sauti na Ufundishaji wa Kiingereza Kandokando ya Ziwa Viktoria

Utangulizi



Ninaomba tuanze na maneno manne yanayofahamika na kila mkazi wa Mwanza, awe mchuuzi wa dagaa au karani wa benki: saini, risiti, chaki na kabati. Yote manne tumeyakopa kutoka Kiingereza. Katika lugha yalikotoka, neno la kwanza huandikwa kwa herufi g, la pili kwa herufi p, la tatu kwa herufi l, na la nne kwa herufi p mbele ya b. Hakuna hata moja kati ya herufi hizo inayotamkwa, na hakuna hata moja iliyoingia katika Kiswahili. Wazee wetu waliyachukua maneno hayo jinsi walivyoyasikia.

Mweke sasa mwanafunzi wa kidato cha kwanza mbele ya neno "receipt" limeandikwa ubaoni. Mara nyingi ataitamka p. Mwalimu akilitamka neno hilo barabara bila kuliandika, yamkini mwanafunzi hatalitambua, ingawa risiti anaijua tangu utotoni. Tumefikaje hapa? Hoja yangu katika mhadhara huu ni kwamba tatizo la mwanafunzi huyu lina historia. Kandokando ya Ziwa Viktoria, Kiingereza kilianza kupokewa kwa sikio, kisha shule zikakihamishia kwenye jicho. Katika kuhama huko, uzi unaounganisha tahajia, matamshi na usikilizaji ulikatika.

Herufi zinafika Ziwani

Maandishi ya kwanza ya Kiswahili kufika kusini mwa Ziwa hayakuwa ya herufi za Kirumi. Wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani, waliokuwa na kituo Kageye, walitumia hati za Kiarabu. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika mwaka 1877, na Mapadre Weupe wakawasili mwishoni mwa mwaka 1878. Mwaka 1883 mapadre hao walianzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa mahali ulipo mji wa Mwanza leo. Alexander Mackay wa CMS alikuwa na mtambo wake wa kuchapia Usambiro, ambako alifariki mwaka 1890. Hivyo herufi za Kirumi zilikuwa zimekwisha kuwasili kabla Wajerumani hawajaimarisha boma lao Mwanza katika miaka ya mwanzo ya 1890.

Kanuni ya kutumia herufi hizo kwa Kiswahili ilikuwa imewekwa Zanzibar. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, alifuata utaratibu mwepisi: konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, irabu zisomwe kama za Kiitaliano. Utaratibu huo ulidumu. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, mgawanyo huo wa konsonanti na irabu ulithibitishwa vitabuni na katika kamusi.

Kwa Kiswahili, uamuzi huo ulikuwa neema. Mtoto akishajua irabu tano na namna ya kuunda silabi, anaweza kusoma karibu neno lolote. Kwa Kiingereza, uamuzi uleule ukawa mtego, kwa kuwa konsonanti zinamwambia mtoto kwamba yuko nyumbani, ilhali irabu zimemtupa ugenini. Tutazame maneno matatu: "pole", "mate" na "same". Kwa Mtanzania, la kwanza ni la kufariji, la pili ni majimaji ya kinywani, la tatu ni mji wa Kilimanjaro. Herufi zilezile, kwa mpangilio uleule, ni maneno halali ya Kiingereza, lakini yana silabi moja moja na irabu nyingine kabisa. Mwanafunzi anayeyasoma kwa silabi mbili mbili si mzembe. Anafuata kwa uaminifu kanuni aliyofundishwa katika darasa la kwanza.

Waingereza wenyewe waliipoteza kanuni hiyo kwa ajali ya kihistoria. William Caxton alipoanzisha uchapaji nchini Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda wakati irabu ndefu za lugha hiyo zilikuwa zinahama. Sauti zikaendelea na safari, herufi zikabaki kituoni.

Ushahidi wa maneno ya mkopo

Mwanahistoria wa lugha asiye na kanda za sauti za zamani anaweza kuyatumia maneno ya mkopo kama kumbukumbu. Enzi ya Wajerumani ilituachia shule. Enzi ya Waingereza, na hasa reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, ilieneza stesheni, reli, injini na breki. Kilimo cha pamba Usukumani kilieneza plau, neno ambalo kwa Kiingereza huandikwa kwa herufi gh mwishoni. Mkulima aliyelichukua hakuziona herufi hizo. Alilisikia neno akiwa shambani, akalipa umbo la Kiswahili. Ndivyo ilivyokuwa kwa picha, namba na jaji.

Linganisheni na maneno yaliyoingia kupitia vitabuni. Programu na jiografia yamefuata jicho: irabu zake zinasomwa zilivyoandikwa. Kompyuta limefuata sikio. Kuna neno linalosimama njiapanda: wanaistilahi wameandika biolojia, huku wanafunzi wengi wakisema bayolojia. Mzozo huo mdogo unaonesha kwamba Kiswahili kina milango miwili ya kupokelea Kiingereza. Mlango wa sikio ndio uliotangulia kufunguliwa, na waliopita humo, aghalabu bila kusoma shule, walizifikia sauti za asili kwa ukaribu kuliko wengi waliokuja baadaye na madaftari.

Mwanza 1968, Musoma 1974

Kanda ya Ziwa ina nafasi ya pekee katika historia ya ufundishaji wa kusoma nchini. Kuanzia mwaka 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima ulioendeshwa kwa ushirikiano na UNESCO katika mikoa ya Ziwa. Vitabu vya kusomea vilihusu kazi za wasomaji wenyewe: pamba, uvuvi, ufugaji, migomba. Tuzingatie hekima iliyokuwamo. Mkulima aliyeoneshwa neno pamba alikuwa analo tayari sikioni na kinywani. Kilichobaki ni kulipa sura ya herufi. Sauti na maana vilitangulia, maandishi yakafuata.

Katika somo la Kiingereza mpangilio ulikuwa umepinduliwa. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilifuatiwa na Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, na Kiingereza kikawa somo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kisha, Novemba 1974, TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Walimu wapya maelfu kwa maelfu walihitajika, na wengi wakaandaliwa kazini, kwa masomo ya posta na redio. Bila juhudi hiyo, wengi wetu tuliomo ukumbini humu tusingejua kusoma. Hata hivyo, mwalimu ambaye yeye mwenyewe alikipata Kiingereza kwa kukisoma tu, akiwa na darasa kubwa na vitabu vichache, angefanya nini? Aliandika ubaoni, akasoma, darasa likaitikia kwa pamoja, wote wakanakili. Sauti ikawa kivuli cha herufi.

Matokeo yake yalionekana mapema. Tume ya Makweta, iliyotoa ripoti mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hata sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionesha kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusomea masomo mengine. Huu ndio uzito wa suala letu. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya Magu au Ukerewe na kuingia kidato cha kwanza hudaiwa kusikiliza somo la sayansi kwa lugha ambayo hakuzoezwa kuisikiliza. Akishindwa, huandikiwa kwamba ameshindwa sayansi.

Sikio la mwanafunzi wa Ziwani

Je, sikio lake lina upungufu? La. Kiswahili kina irabu tano, nazo hutamkwa kwa ukamilifu popote zilipo, na mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hubana irabu za silabi zisizo na mkazo hadi kuzififisha. Neno "comfortable", lenye irabu nne zinazoonekana wazi kwa jicho la Mswahili, humfikia msikilizaji likiwa limesinyaa. Anayesubiri silabi zote alizoziona kitabuni hulikosa neno zima, na sentensi humpita.

Lakini tusisahau lugha za nyumbani. Kisukuma, kama Herman Batibo alivyoonesha katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1985, kina irabu saba. Kina jozi mbili za irabu za juu, mbele na nyuma, ambazo herufi tano za Kiswahili haziwezi kuzitenganisha. Kikuria nacho kina irabu saba. Kikerewe na Kihaya vinatofautisha irabu fupi na ndefu. Basi mtoto wa Kisukuma anayeambiwa kwamba "ship" na "sheep" ni vigumu kutofautishwa amezoea tangu kunyonya kutofautisha irabu zinazokaribiana kwa namna hiyo. Sidai kwamba irabu za Kisukuma na za Kiingereza ni zilezile. Ninachodai ni kwamba sikio lililozoea kupambanua ni akiba, nasi tumeiacha ghalani.

Nini kifanyike

Ninapendekeza mambo matatu yasiyohitaji mitambo ya gharama. Kwanza, neno jipya lisikike na kutamkwa mara kadhaa kabla ya kuandikwa ubaoni. Pili, maneno ya mkopo yatumike kama daraja: mwanafunzi asikie "sign", akumbuke saini, ndipo aoneshwe ile g iliyo kimya. Tatu, imla irudishwe kwa heshima yake. Katika zoezi hilo la zamani mwanafunzi husikia, huandika, kisha husoma kwa sauti alichoandika. Ndipo stadi tatu hukutana katika tendo moja. Kosa la imla lisiadhibiwe, lichunguzwe. Anayeandika neno jinsi alivyolisikia ameonesha kwamba sikio lake linafanya kazi, na hapo ndipo pa kuanzia kumfundisha tahajia.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Mimi ni miongoni mwao. Lakini siku hiyo ikifika, Kiingereza bado kitabaki kuwa somo, na kitastahili kufundishwa vizuri.

Hitimisho

Samaki mkunje angali mbichi. Wavuvi na wakulima wa Ziwa hili waliwahi kuvipokea vitu vigeni kwa masikio yao na kuvipa majina yanayodumu hadi leo. Wajukuu wao hawajapoteza kipawa hicho. Wamenyimwa nafasi ya kukitumia. Kuwarudishia nafasi hiyo kunaanza na mwalimu anayeiweka chaki chini kwa dakika chache, akatamka, na darasa likanyamaza kusikiliza.