Caprilli na Somo la Kumfuata Farasi
Mafunzo ya kuruka viunzi yalikomaa pale mwalimu alipokubali kujifunza kwa farasi. Zamani wapandaji walifundishwa kuegemea nyuma hewani. Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la Italia aliyefariki mwaka 1907, aliona kwamba farasi asiye na mtu mgongoni hunyoosha shingo apate mizani. Akawafunza askari kufupisha vikuku, kuinamia mbele na kulegeza mikono.

Wapo watakaosema wawindaji wa Uingereza waliruka nyua kwa mtindo wa kale bila shida. Kweli waliruka, ila walioumia ni farasi, mgongoni na mdomoni. Maofisa wa kigeni waliomiminika katika shule ya askari wapanda farasi ya Pinerolo, Italia, kujifunza mtindo wa Caprilli walithibitisha kwamba kumheshimu mnyama ndiko kulikoongeza uwezo wake.