Upimaji wa Afya Nyumbani kwa Mgonjwa Asiyeweza Kutembea

Upimaji wa afya nyumbani ni huduma ambayo mtaalamu wa afya humfuata mgonjwa mahali anapoishi. Huwafaa hasa wazee waliodhoofika, waliopooza kwa kiharusi na wenye maradhi ya muda mrefu. Humwepusha mgonjwa na adha ya safari, na humwezesha mtaalamu kuona kitanda, choo, ngazi na chakula, mambo yasiyoonekana hospitalini.

Pa kuanzia

Nchini Tanzania, mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ndugu mmoja amwone mganga mfawidhi, aeleze hali ya mgonjwa, na aulize ni nani atakayekuja, lini, kwa gharama gani na kwa vipimo vipi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aweza kufikisha taarifa na kufuatilia baadaye, lakini kutambua ugonjwa na kuandika dawa ni kazi ya tabibu. Baadhi ya hospitali za Kanisa nazo hutembelea wagonjwa. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waulizwe.

Kabla ya ziara

Mgonjwa mwenyewe aombwe ridhaa, kwa maana kushindwa kutembea hakumwondolei mtu haki ya kuamua juu ya mwili wake. Familia iorodheshe dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba, na iandae kadi ya kliniki na majibu ya vipimo vya awali. Iandike pia mabadiliko iliyoyaona: mara ngapi ameanguka, anakula kiasi gani, analalaje, anapataje haja.

Wakati wa ziara

Mgonjwa ajibu mwenyewe kadiri awezavyo. Apewe pia nafasi ya kuzungumza na mtaalamu faraghani, kwani yapo asiyoweza kuyatamka mbele ya wanawe. Pamoja na kupima shinikizo la damu na sukari, ngozi ya makalio, nyonga na visigino ikaguliwe kwa staha. Vidonda vya kulala muda mrefu huanza kwa sehemu kubadilika rangi, kuwa ngumu au kuuma, na hapo bado huzuilika. Anayemuuguza naye aulizwe hali yake, afundishwe kumgeuza mgonjwa bila kujiumiza mgongo.

Mipaka yake

Picha ya eksirei na baadhi ya vipimo huhitaji kituo. Aidha, mdomo ukipinda ghafla, mkono au mguu ukilegea, maneno yakikwama, kifua kikibana au pumzi ikiwa ya shida, familia isingoje siku ya ziara. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kabla ya mtaalamu kuaga, yaandikwe mambo matatu: nini kifanyike, nani atakifanya, na mgonjwa ataonwa tena lini. Karatasi hiyo ikae karibu na kitanda, ili kila anayeshika zamu ya kumuuguza aisome.