Hawa si jana walikuwa wanatukanana?

Uchaguzi ukikaribia, swali ni hilo tu: mbona maadui wa jana leo wako jukwaa moja? Uzi mfupi, bila majina ya watu wala vyama. Twende.

Rudi 1992. Vyama vingi ndio vimerudi, na kila kigogo wa upinzani anataka kuwa rais. Aliyekuwa madarakani akashinda kwa takriban asilimia 36. 1997, takriban 40. Sheria haikudai nusu ya kura: ongoza tu, na upate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Yaani Wakenya wengi walimkataa mara mbili, na mara mbili akaapishwa.

Wapinzani walichukua miaka kumi kujifunza hiyo hesabu. 2002 rais anamaliza muhula wa mwisho, anachagua mrithi, na wakubwa chamani mwake wanahama kwa hasira. Oktoba wakaungana na upinzani. Desemba 27 mgombea wao akapita asilimia 60, na chama kilichotawala tangu 1963 kikang'oka.

Lakini hebu angalia gundi yenyewe: mtu wa kuondolewa, na mkataba wa kugawana vyeo. Mtu akaondoka. Mkataba ukabaki, na upande mmoja ukalia kwamba umekanyagwa.

Kura ya maoni kuhusu Katiba, Novemba 2005: ndizi ni Ndiyo, chungwa ni La. Mawaziri wa serikali moja wakazunguka nchi wakipigia debe matunda tofauti! Chungwa likashinda, rais akafuta karibu baraza zima, na waliotupwa nje wakageuza tunda kuwa upinzani mpya. Sisi husherehekea 2002, lakini kwangu mimi 2005 ndiyo iliyochora mistari tuliyoingia nayo 2007. Ya Januari 2008 hamhitaji kuelezwa.

Katiba ya 2010 ikaongeza bei: zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Ngome yako pekee haikufikishi hapo. Ndio maana wanatafutana mapema hivi, hata waliokuwa hawasalimiani.

Tangu marekebisho ya 2022, muungano unaweza kusajiliwa kama chama, mradi mkataba wake umfikie Msajili wa Vyama miezi minne kabla ya uchaguzi. Ule wa 2002 ulibaki mikononi mwa waliousaini.