Alama ya Kidole katika Mlango wa Mgeni

Idara inayowapokea wageni katika viwanja vya ndege Kiswahili huiita Uhamiaji, ingawa wengi wapitao mbele yake hawahamii kokote. Wamekuja kwa siku chache kutazama wanyama, au kuhudhuria mkutano, kisha warudi kwao. Jina limekwisha kukaa, na mlangoni hapo jambo linalomkera mgeni si jina bali ni foleni, neno ambalo lenyewe hunasibishwa na amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kujipanga. Tangu mwisho wa karne ya 20 serikali kadhaa zimewafungulia baadhi ya wageni njia ya kuiepuka foleni hiyo, na katika viwanja vya Marekani ufunguo wa njia hiyo ulikuwa mkono: kwanza kiganja, kisha vidole. Historia ya ufunguo huo ni ndefu kuliko historia ya ndege, wala haikuanzia kwa waheshimiwa.

Mwaka 1858, huko Bengal, ofisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka Mhindi aliyefanya naye mkataba wa kokoto za barabara atie chapa ya kiganja chake juu ya karatasi. Herschel mwenyewe alieleza baadaye kwamba shabaha yake ilikuwa kumtisha mtu yule asije akaukana mkataba. Basi chapa ya mkono ilianza kazi yake serikalini kama kitisho; elimu yake ikaja nyuma. Ilikuwa Bengal hiyohiyo ambako Edward Henry, akisaidiwa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, alipata kanuni ya kuzipanga alama za vidole hata ikawezekana kumtafuta mtu mmoja katika maelfu. Kanuni hiyo ilipelekwa London, na mwaka 1901 polisi wa huko wakaanzisha ofisi yao ya alama za vidole. Safari hii chombo kilitoka kolonini kikaenda makao makuu, si kinyume chake.

Mgombano wa kwanza mkubwa juu ya kidole na haki ya mgeni ulitokea Transvaal. Sheria iliyotungwa huko mwaka 1906 iliwataka Waasia wote wajiandikishe na kutoa alama za vidole, na waliokutana Johannesburg tarehe 11 Septemba mwaka huo waliapa kutoitii. Jambo lililofuata aghalabu husahauliwa. Mwanzoni mwa 1908 M. K. Gandhi alipatana na serikali kwamba watu wajiandikishe kwa hiari, naye akakubali kutoa alama za vidole vyake vyote kumi. Alipokuwa njiani kwenda kujiandikisha alipigwa hata akaanguka, na waliompiga walikuwa Wahindi wenzake, walioona kwamba amewauza. Yeye alishikilia kuwa kitendo kilekile, kikitendwa kwa hiari, si utumwa tena. Mapatano hayo yalivunjika, na Agosti mwaka huo vyeti vikachomwa moto hadharani. Lakini hoja yake haikuungua.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lina jina lake, nalo ni kipande. Neno lenyewe halina kosa: sehemu ya kitu kizima. Tanganyika lilitumika kwa kadi ya kazi ya siku 30. Kenya, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu kwisha, lilitumika kwa cheti ambacho kila mwanamume wa Kiafrika aliyefikia umri wa kazi alilazimika kuwa nacho, chenye alama za vidole vyake na maandishi ya waajiri wake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Harry Thuku na wenziwe walikilalamikia mwaka 1921. Sheria mpya ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote watoe alama za vidole, walowezi wa Kizungu walipinga kwa ghadhabu kubwa, wakisema kwamba hiyo ni aibu; yaani waliijua vizuri maana ya chombo hicho maadamu hakijawagusa.

Hapo ndipo lugha inapotoa ushahidi wake. Kiswahili huita saini ya mkono sahihi, neno la Kiarabu lenye maana ya jambo la kweli lisilo na kasoro. Asiyejua kuandika hutia dole gumba, wala dole gumba halikupata kuitwa sahihi. Daraja mbili za watu zimo katika maneno mawili hayo. Pasipoti za nusu ya kwanza ya karne ya 20, ambazo umbo lao la kijitabu lilipendekezwa na mkutano wa Paris wa mwaka 1920, zilikuwa za watu wa sahihi: picha, jina, muhuri, na mkono wa mwenyewe. Kidole kiliachiwa mfungwa na kibarua.

Ndege ndizo zilizovuruga mpango huo. Mapatano ya Chicago ya mwaka 1944 yaliyaagiza mataifa kupunguza ucheleweshaji usio wa lazima mipakani, na mwaka 1952 Marekani ilianza kuwakagua wasafiri Toronto, kabla hawajapanda ndege, ili wakifika wapite tu. Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1993, pale wasafiri wa mara kwa mara, wengine wao wakiwa raia wa nchi za kigeni, walipoanza kutumia mashine zilizopima umbo la kiganja katika viwanja vya New York na Newark. Kiganja cha Bengal kilikuwa kimerudi, safari hii kama heshima.

Kisha tarehe 5 Januari 2004 Marekani ikaanza kuwachukua alama za vidole viwili wageni wengi waliohitaji viza. Miaka minne hivi baadaye vikawa kumi. Brazil, kwa amri ya hakimu wa Mato Grosso, ikawatendea Wamarekani vivyo hivyo mwezi huohuo. Rubani mmoja wa Kimarekani, alipopigwa picha huko São Paulo, alionyesha kidole ambacho hakuna aliyekiomba, akatozwa faini ya maelfu ya dola.

Mwaka 2008 ulianza mpango uitwao Global Entry, ambao hapana budi kuutazama pamoja na ule wa Transvaal. Mwombaji hulipa ada, iliyokuwa dola 100 na kupandishwa hadi 120 mwezi Oktoba 2024, huchunguzwa, huhojiwa, hutoa vidole vyote kumi, naye akikubaliwa huipita foleni kwa miaka mitano. Yote ni kwa hiari. Wageni wa nchi kadhaa, kama Uholanzi, Ujerumani, Uingereza, India na Korea ya Kusini, wameruhusiwa kuomba. Hadi mwaka 2024 hakuna nchi ya Afrika ya Mashariki iliyokuwamo. Mtanzania au Mkenya aendaye Marekani, kwa hiyo, hutoa vidole vilevile kumi anapoomba viza, na huenda akavitoa tena mpakani, lakini haviharakishi safari yake. Hoja ya Gandhi ilihitaji pande mbili, na kwa mgeni huyu upande wa hiari haupo. Kusema kwamba ametendewa sawa na mwenzake kwa kuwa mashine ni moja ni kusahau kwamba kalamu ya wino pia ilikuwa moja.

Vidole vyenyewe vimeanza kupumzishwa, kwa kuwa shirika la kimataifa la usafiri wa anga lilichagua uso mwaka 2003 kuwa alama kuu ya pasipoti mpya, na mashine za Global Entry nazo zimegeukia uso. Nchini Kenya, mtu mzima anayeomba pasipoti hudaiwa kwanza kitambulisho cha taifa, ambacho hupatikana kwa kutoa alama za vidole, na ambacho wengi bado hukiita kipande.