Upana wa Mpira wa Motokaa

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini motokaa za zamani zionekanazo katika picha zina magurudumu membamba kama ya baiskeli, hali za leo zina magurudumu mapana. Alidhani watu wa zamani hawakuwa na maarifa. Sivyo. Wao walichagua kwa kuitazama barabara, nasi aghalabu twachagua kwa kulitazama gari la jirani.

Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani tangu 1908 hata 1927, kwa miaka mingi ilivaa mipira ya upana wa inchi 3 mbele na inchi 3½ nyuma. Njia za mashambani huko zilikuwa tope tupu wakati wa mvua. Mpira mwembamba hulikata tope hata ukafika kwenye udongo mgumu, ukapata pa kushika. Mpana huelea juu ya utelezi, ukazunguka bure. Lakini wembamba ule ulikuwa na taabu yake. Ili mpira mdogo uchukue uzito wa gari, hauna budi kujazwa upepo mwingi, ukawa mgumu kama jiwe, na abiria akatikiswa mpaka meno yakagongana. Mwaka 1923 kampuni ya Firestone ilianza kuuza mipira minene yenye upepo hafifu. Watu wakaipenda, kwa maana barabara nazo zilikuwa zikitengenezwa.

Jangwani mambo ni kinyume. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyevuka mchanga wa Misri na Libya kwa motokaa katika miaka ya 1920 na 1930, alipunguza upepo ili mipira ibonyee na kutanuka. Chini ya mchanga mwingi hakuna udongo mgumu wa kuufikia. Ajaribuye kuukata huzama. Ngamia naye hakupewa kwato za punda.

Hapa kwetu tope lilijaribiwa katika mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Walioshinda, Nick Nowicki na Paddy Cliff, waliendesha Peugeot 404, gari ambalo mpira wake wa kawaida ulikuwa na upana wa milimita 165. Sisemi kwamba mpira ndio ulioshinda, kwa kuwa madereva walikuwa hodari na gari lenyewe imara. Ila wembamba huo haukuwazuia.

Siku hizi upana huandikwa ubavuni mwa mpira: katika 205/55 R16, tarakimu za kwanza ni milimita za upana. Juu ya lami kavu mpira mpana hushika vema penye kona. Lakini lami ikitanda maji, huo mpana ndio utangulia kuelea, na gari likaacha kuusikia usukani.

Mwalimu mwenzangu aliyatoa magurudumu ya kawaida ya gari lake, akatia mapana kwa ajili ya urembo. Wakati wa masika tukakwama katika udongo mweusi, tukasukuma mpaka magharibi. Ikaja pikapu kuukuu yenye magurudumu membamba. Mwenyewe hakutuuliza neno. Aliyatazama magurudumu yetu, kisha akafungua kamba.