Daftari la Deni



Msimu wa pamba uliopita nilipita Ziba, wilayani Igunga, nikaketi kwenye benchi la duka moja la mtu wa pale pale. Mwenye duka alinifungulia daftari lake la madeni. Sukari nusu kilo, sabuni mche mmoja, chumvi, kalamu za watoto wa shule. Ukurasa baada ya ukurasa, majina ya majirani waliokopa tangu Januari, wakati chakula kimepungua majumbani na pamba bado iko shambani. Nikamuuliza, "Mzee, sasa pamba imeuzwa, wamelipa?" Akacheka kidogo, akanyoosha kidole barabarani, kwenye basi lililokuwa likijaza abiria wa Nzega. "Wakiwa hawana, huja kwangu," alisema. "Wakipata, huenda mjini."

Maneno hayo nimeyachukua yawe mazungumzo yetu ya leo. Lakini ili tuyaelewe, yafaa kwanza turudi nyuma kwenye historia ya Unyamwezi.

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Kabla ya kubeba mizigo ya watu walibeba mali yao wenyewe. Walifanya biashara ya majembe ya chuma, chumvi ya Uvinza na shaba ya Katanga. Mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga makazi Unyanyembe, misafara ya Wanyamwezi ilikwisha fika baharini na pembe za ndovu. Walisafiri kiangazi, wakarudi mvua zinapokaribia ili wakalime. Nguo na shanga walizopata zilirudi nao. Faida ililala nyumbani.

Katikati ya karne hiyo mambo yaligeuka. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, Novemba 1857, walikuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga na kustawi. Mali ya misafara mikubwa ilitolewa kwa mkopo na matajiri wa Unguja. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na Taria Topan. Mnyamwezi sasa alijitwika mzigo wa kilo 30 na zaidi, akalipwa nguo, hasa merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Njia ilikuwa ile ile na mabega yalikuwa yale yale, lakini faida ilirudi ulikotoka mtaji.

Sisemi kwamba biashara ya zamani ilikuwa safi. Misafara ile, ya wageni na ya wenyeji, ilipitisha pia watumwa, na hilo hatuwezi kulifunika. Ninachosema ni kwamba watawala wa enzi hizo walitambua uzito wa swali moja: biashara inayopita katika nchi yetu, nani anafaidika nayo? Mnywa Sere wa Unyanyembe alipotaka kutoza kodi bidhaa za wafanyabiashara, aliondolewa mwaka 1860 na Mkasiwa akawekwa mahali pake. Mirambo naye alipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, aliifunga njia ya kwenda Ujiji.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, upagazi wa njia kuu ukafikia mwisho. Maduka yakaenea, mengi yakiwa ya Wahindi na Waarabu. Wakati wa Waingereza ilikuwako sheria iliyomzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika deni mahakamani, isipokuwa kwa idhini ya maandishi. Walisema ni kumlinda Mwafrika. Lakini Mwafrika aliyetaka kufungua duka alijikuta hana wa kumkopesha mali ya kuanzia.

Kisha ikaja mwaka 1976, mwaka wa Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa, yakaanzishwa ya kijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondoa mnyonyaji, na walanguzi walikuwapo kweli. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Mama alinituma chumvi, nikakuta duka la jirani limefungwa. La kijiji lilikuwa wazi, ila rafu zake zilikuwa tupu, na mhudumu hakuwa na daftari la mkopo. Haikuchukua muda mrefu operesheni ikasitishwa, lakini uhaba wa bidhaa uliendelea kututesa hadi biashara ilipolegezwa mwaka 1984. Siku ile nilijifunza kwamba duka la wote, lisipokuwa na mtu wa kuliamkia alfajiri, laweza kuwa duka la hakuna mtu.

Ndugu wasikilizaji, ninaposema mwenyeji sipimi kabila wala rangi. Mwenyeji ni yule ambaye faida yake hulala pale pale: hutengeneza meza kwa fundi wa kijijini, huajiri kijana wa jirani, huchangia darasa na msiba. Shilingi unayomwachia huweza kupita mikono mitatu, minne, kabla haijapanda basi.

Na mwenye duka asidhani namwombea huruma. Anayechezea mizani, anayeficha sukari ili bei ipande, anayemwandikia mama asiyejua kusoma deni lisilokuwa lake, huyo anawafukuza wateja kwa mikono yake mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari; nami naongeza kwamba daftari bila uaminifu huisha bila wateja. Tena si kila kitu kinapatikana Ziba. Ukitaka bati za nyumba nzima au pampu ya maji, nenda Nzega, nenda Tabora, hakuna atakayekulaumu.

Lakini sukari? Sabuni? Sare za shule, wakati fundi cherehani amekaa barazani anakutazama ukipita? Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha njiani, uone kama bei ya mjini bado ni nafuu. Halafu jiulize, Januari ijayo mtoto akiugua usiku nawe huna senti, utagonga mlango wa nani? Mwenye duka la mjini hakujui jina.

Dawa ya deni ni kulipa. Basi pamba ikiuzwa, kabla hujapanda basi, pitia kwanza dukani, ukafute jina lako kwenye lile daftari. Deni likilipwa, mwenye duka atanunua mali nyingine, na rafu haitakuwa tupu utakapoihitaji.

Hadi juma lijalo, kwaherini.